Iliki ya kutwanga na maji ya Meru: nanoteknolojia kwa lugha ya kawaida

Ukipita vijiji vya chini ya Mlima Meru, kuanzia Usa River, Maji ya Chai mpaka kule Ngarenanyuki, angalia meno ya watu. Mtu kapiga mswaki maisha yake yote, sigara hajawahi kuigusa, lakini meno ya mbele yana mabaka ya kahawia na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nimekulia huko na hiyo tabia ya kuziba mdomo naijua toka darasa la kwanza, ila enzi hizo hatukuiona ni kitu kwa sababu darasa zima tulikuwa hivyo hivyo, ukishaenda kusoma bweni mkoa mwingine ndo unagundua kumbe wenzako wanadhani hupigi mswaki.

Chanzo ni floraidi. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na yanaibeba floraidi toka huko chini mpaka kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, maana ukikaza kwenye 1.5 unafunga visima vingi sana na watu hawana pengine pa kuchota. Kidogo chake kinasaidia meno, ndo maana ipo kwenye dawa ya mswaki, lakini ikizidi inaharibu meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, na mtu akiendelea kuinywa miaka na miaka inaingia kwenye mifupa, magoti yanapinda, mgongo unakakamaa. Na haina rangi, haina harufu. Kuna kosa moja wazazi wetu wamelifanya kwa nia njema kabisa: kuchemsha maji ili kuitoa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hilo ni jambo jema na msiache, lakini floraidi si kijidudu, haifi, maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki sufuriani vile vile, kwa hiyo ukichemsha sana unazidi kuikoleza.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila inapotajwa nanoteknolojia watu wanafikiria maroboti madogo yanayoogelea kwenye damu, wakati mimi naona mahali pazuri pa kuielewa ni hapo kwenye ndoo ya maji. Tutarudi kwenye hiyo ndoo. Kwanza tuelewe udogo wenyewe.

Nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni. Unywele wa kichwani una upana wa kama nanomita 80,000, chembe nyekundu ya damu kama 7,000, uzi wa DNA nanomita 2 tu. Watafiti wanaposema nano kwa kawaida wanazungumzia vitu vya kati ya nanomita 1 na 100. Sasa swali la msingi ni hili: kwa nini mtu ahangaike kukifanya kitu kiwe kidogo hivyo?

Jibu liko jikoni. Ukitia iliki nzima kwenye chai, na maganda yake, harufu utaisikia kwa mbali. Chukua iliki hizo hizo, idadi ile ile, zitwange kwenye kinu halafu tia, chai inanukia mpaka kwa jirani. Hujaongeza iliki hata moja! Ulichoongeza ni uso, yaani sehemu ya iliki inayogusana na maji. Mambo mengi ya kikemia yanatokea usoni, pale kitu kinapokutana na kingine, kilichofichika ndani kinakaa tu bila kazi. Sasa chukua mchemraba wa kitu chochote, sentimita 1 kila upande, nje una sentimita za mraba 6. Ukikatakata mpaka upate vijimchemraba vya nanomita 1 halafu ujumlishe nyuso zao zote unapata mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira, na uzito ni ule ule. Hiyo ndo siri kubwa ya kwanza na inaeleza zaidi ya nusu ya yote nitakayosema hapa.

Siri ya pili ni kwamba kitu kikiwa kidogo kiasi hicho kinabadilika hata tabia. Dhahabu tunaijua ni ya njano. Ukiifanya chembe za nanomita 20 au 30 hivi na ukaziacha zielee kwenye maji, maji yanakuwa mekundu kama juisi ya rosella, kwa sababu mwanga ukizipiga elektroni zake zinacheza zote kwa pamoja na kuumeza mwanga wa kijani, unaobaki ni mwekundu. Mwanasayansi Michael Faraday alishayatengeneza hayo maji mekundu ya dhahabu kule London mwaka 1857, kabla hata neno nano halijaanza kutumika hivi.

Na hiyo dhahabu wengi mmeshaiona bila kujua. Ukienda zahanati una homa wanakutoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kipimo cheupe cha malaria, matone ya dawa yanafuata, mnakaa mnasubiri dakika 15 au 20. Ule mstari mwekundu unaotokea pale ni dhahabu. Iko hivi: ndani kuna utepe unaofyonza maji kama utambi wa kibatari unavyofyonza mafuta, na mwanzoni mwa utepe kuna chembe za dhahabu zilizokaushwa, kila chembe imebandikwa kingamwili, ambazo ni kama mikono inayoijua protini moja tu inayotolewa na vimelea wa malaria, inaitwa HRP2. Damu ikipita inazibeba chembe hizo. Kama protini ipo mikono inaidaka, wanasafiri pamoja mpaka kwenye mstari wa T ambako kuna mikono mingine imegandishwa pale inasubiri, nayo inaidaka protini upande wake wa pili, basi dhahabu inanasa na inaanza kurundikana. Chembe moja huwezi kuiona, lakini zikirundikana kwa wingi sehemu moja unaona mstari. Zilizopita zinadakwa kwenye mstari wa C, ndo maana C isipotokea kipimo hakihesabiki. Hakuna umeme wala hadubini, na anayesoma majibu ni jicho la muuguzi tu. Vipimo vingi vya mimba vinafanya kazi kwa mtindo huo huo.

Ila tusidanganyane, kipimo hiki kina udhaifu wake na hautokani na dhahabu. Kuna vimelea waliopoteza ile protini ya HRP2, wameonekana sana Eritrea, Ethiopia na Djibouti, na mgonjwa mwenye vimelea hao anaweza kupimwa akaambiwa hana malaria wakati anayo. Mikono iko vizuri kabisa ila hakuna cha kudaka.

Kwenye tiba nano inafanya kazi nyingine kidogo, hapo ni suala la kufungasha. Kuna homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, inawashika zaidi watu wenye UKIMWI uliofikia hatua mbaya, na inaua sana. Dawa yake ya siku zote ni amphotericin B, dawa yenye nguvu lakini inamtesa mgonjwa, anapata homa, anatetemeka kitandani, figo zinaumia, damu inapungua, na anawekewa dripu siku nyingi. Wataalamu wakaifungasha dawa hiyo hiyo ndani ya vijipovu vya mafuta visivyofika nanomita 100. Ikiwa ndani ya kifungashio haizishambulii figo kama mwanzo, kwa hiyo daktari anaweza kutoa dozi kubwa kwa mara moja. Utafiti ulifanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini kwa wagonjwa zaidi ya 800, matokeo yakatoka 2022: dozi moja kubwa ya dawa iliyofungashwa, pamoja na vidonge vya wiki mbili, haikuwa nyuma ya matibabu ya wiki nzima ya dripu kwenye kuokoa maisha, na madhara yalikuwa machache zaidi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Ukishamuuguza mtu aliye kwenye dripu ya aina ile ndo unaelewa maana ya kutoka siku saba mpaka siku moja. Kinachobaki ni bei na upatikanaji, na hilo linanikera kwa sababu sayansi yake imeshamaliza kazi, watu waliojitolea kupimwa ni wa kwetu huku, halafu dawa yenyewe hospitali nyingi za huku bado ni ya kuitafuta.

Chanjo za korona za mRNA nazo zilipita njia hiyo ya kufungasha, mRNA ni ujumbe unaoielekeza seli itengeneze protini fulani, peke yake ikiingia mwilini inavunjwavunjwa haraka sana, ikiwekwa ndani ya kijibonge cha mafuta cha kama nanomita 100 inafika ndani ya seli salama. Lakini inayotuhusu zaidi ni chanjo ya malaria ya R21, ile iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Majaribio yake makubwa yalifanyika kwa watoto 4,800 kwenye vituo vitano, Bagamoyo kikiwemo na Kilifi kikiwemo, vingine Mali na Burkina Faso. Ndani ya ile chanjo kuna vipande vya protini ya kimelea vilivyopangwa kwenye kitufe kidogo cha nano kinachofanana umbo na kirusi, maana mwili umezoea kushtuka ukiona kitu cha duara kina alama nyingi zimejipanga mfululizo, kipande kimoja kimoja kinachoelea peke yake unakipuuza. Kiamsha kinga kilichochanganywa nacho, Matrix-M, pia ni chembe za nano, zimetengenezwa kwa sabuni ya asili inayotoka kwenye magome ya mti mmoja wa Chile. Yaani watoto wa Bagamoyo na Kilifi wameshachanjwa kwa nano na wengi wetu tunaongea kana kwamba hiyo teknolojia bado iko njiani inakuja.

Nije kwenye nishati, hapa sikai sana. Waliofunga sola nyumbani wanajua tofauti ya betri za zamani za asidi na hizi za lithiamu, na zile za sola nyingi sasa hivi ni za chuma na fosfati. Hiyo chuma fosfati ilipogunduliwa miaka ya 1990 na kundi la mwanasayansi John Goodenough kule Texas ilionekana nzuri, haina sumu, hailipuki ovyo, malighafi yake si ghali, tatizo ikawa haipitishi umeme vizuri. Lithiamu ndani yake inatembea kwenye vichochoro vyembamba mno, sasa fikiria uko ndani kabisa ya Kariakoo na njia ni kichochoro kimoja tu, mtaa ukiwa mrefu utatoka jioni. Wakaifanya chembe iwe ndogo ya nano ili kichochoro kiwe kifupi, halafu wakaipaka kaboni kwa nje ili umeme upite kirahisi, na betri ikaanza kuchaji na kutoa umeme kwa kasi inayofaa kuwasha friji au kusukuma bodaboda ya umeme. Upande wa paneli kuna perovskaiti, tabaka jembamba sana unaloweza kulipaka kama rangi, ilianza 2009 kule Japani ikibadilisha asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme na sasa maabara wanapita 25. Shida yake inaharibika na unyevu na ina madini ya risasi ndani, yenye sumu, kwa hiyo mtu wa Tanga au Mombasa asikimbilie kuinunua kesho.

Na kabla sijarudi kwenye maji, wenye magari mnajua masega. Yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, yanayokatwa chini ya gari na kununuliwa kwa hela nyingi mtaani. Thamani yake inatokana na platinamu, paladiamu na rodiamu, zimepakwa kwenye yale matundu kwa chembe za nano ili uso uwe mkubwa na madini yatumike kidogo. Moshi wa injini ukipita pale kaboni monoksaidi inageuzwa kuwa kabonidaioksaidi na oksaidi za naitrojeni zinavunjwa. Fundi anayekwambia yatoe gari itakuwa nyepesi hakuambii kwamba ile sumu iliyokuwa inashughulikiwa pale sasa inaingia moja kwa moja kwenye kifua cha mama anayekaanga mihogo pembeni ya kituo cha daladala. Mimi naumia sana na hii biashara.

Sasa ndoo yetu.

Watu wengi wakisikia chujio wanafikiria chekecheke, kitu kikubwa kinabaki juu maji yanapita. Kwa bakteria inawezekana, bakteria ni mkubwa, nanomita mia kadhaa mpaka elfu kadhaa. Floraidi ni kijichembe kilichoyeyuka, udogo wake unakaribiana na wa maji yenyewe, ukitaka kukichekecha unahitaji utando wenye matundu ya chini ya nanomita moja, na pampu ya kusukuma maji kwa nguvu, na umeme, na pa kumwaga yale maji makali yanayobaki. Njia hiyo ipo na inafanya kazi, ila kijijini inakuwa nzito. Njia nyingine ni kuinasa, unaweka kitu ambacho floraidi inakipenda, inapita inabandika pale.

Na kitu hicho kimejulikana muda mrefu: mfupa. Pale Ngurdoto, karibu kabisa na kwetu, kuna kituo cha utafiti cha serikali ambacho kwa miaka kimekuwa kikichoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru mpaka iwe mkaa, unasagwa chengachenga, unawekwa kwenye ndoo na maji yanapitishwa humo. Mfupa umejengwa na madini yanayoitwa haidroksiapataiti, na floraidi ikikutana nayo inachukua nafasi ndani yake na kukaa. Hebu tulia hapo kidogo. Meno yetu yamejengwa na madini hayo hayo. Mvuto ule ule unaoivuta floraidi iingie kwenye meno ya mtoto wa Maji ya Chai ndo unaoifanya ibandike kwenye mkaa wa mifupa. Siku nilipolielewa hili nilikaa kimya muda mrefu, kumbe chujio kazi yake ni kujitoa liharibike lenyewe ili mwili usiharibike.

Ila mkaa wa mifupa una shida zake. Ukichomwa vibaya maji yananuka na watu wanayamwaga. Wengine wanauliza mfupa wa mnyama gani, na wana haki ya kuuliza, kuna anayekataa kwa imani yake. Na unajaa haraka kwa sababu sehemu kubwa ya mfupa iko ndani ya chenga, floraidi haiifikii, ni ile iliki nzima na maganda yake. Hapo ndo utafiti wa nano unapoingia: kutengeneza haidroksiapataiti au oksaidi za alumini na za chuma kwa chembe ndogo kabisa ili karibu yote iwe uso. Arusha tuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia ambako Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na vitu vya nano, na mwaka 2015 akawa mtu wa kwanza kupata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Kilichonivutia kwake ni lile wazo la kupima kwanza maji ya mahali halafu kupanga chujio kulingana na uchafu wa mahali hapo, maana maji ya Meru si ya Geita wala si ya Ziwa Victoria.

Nisiishie kwenye sifa peke yake. Unga wa nano ukiujaza kwenye bomba maji hayapiti, unagandamana kama ugali, au unatoroka na maji mpaka kwenye glasi yako, kwa hiyo lazima ushikizwe kwenye punje kubwa kidogo, na kila ukishikiza unapoteza sehemu ya ule uso uliouhangaikia. Halafu majaribio mengi ya maabara yanatumia maji safi yaliyotiwa floraidi tu, wakati maji yetu yana magadi, yana bikaboneti nyingi, nayo inagombania nafasi zile zile, unakuta kitu kilichoonekana shujaa maabara kinachoka mapema kisimani. Na usalama nao uangaliwe kwa macho mawili, chembe za fedha zinazouwa bakteria kwenye chujio zinaweza kuua hata viumbe vya mtoni zikimwagwa, na Umoja wa Ulaya mwaka 2022 ulikataza titani dioksaidi kwenye vyakula, kiungo cha rangi nyeupe ambacho sehemu yake ni nano, baada ya wataalamu wao kusema hawawezi tena kuthibitisha kwamba ni salama kuila. Vile vile chujio lililojaa floraidi ukilitupa kwenye shamba la migomba umeihamisha tu.

Kwa ndugu zangu wa huko nyumbani wanaoniuliza wanunue lipi: usimuulize muuzaji kama ni nano. Muulize maji ya kisima chetu umeshayapima, floraidi ni ngapi kabla na ngapi baada, muombe akuoneshe karatasi ya maabara. Muulize litasafisha lita ngapi kabla halijajaa, kwa sababu likijaa maji yataendelea kutoka meupe, matamu, bila harufu, na hakuna atakayejua. Muulize cha kubadilisha kinapatikana wapi na kwa bei gani, na kile cha zamani anakichukua yeye au anakuachia. Na kama maji safi nyumbani hayatoshi wote, wapeni kwanza watoto ambao hawajafika miaka minane, ndo umri ambao meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, sisi wengine yetu yameshatoka.